Mkopo, mama mkwe na mimba ya kwanza: uchambuzi wa kisa kimoja cha kliniki

Kwa nini kisa hiki

Katika miaka yangu yote ya ukunga sijawahi kumpokea mjamzito aliyeniambia "nina msongo". Wanasema kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, chakula hakipandi. Ukivuta kiti ukakaa, ndipo linapotoka neno lenyewe: "Sista, nina mawazo." Na mawazo hayo, mara nyingi kuliko tunavyoandika kwenye kadi, yana mtu ndani yake: mume, mama mkwe, wifi, au mtu aliyetakiwa kuwepo na hayupo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya wajawazito 100 duniani, kama 10 hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kati ya wanawake 100 waliojifungua ni kama 13. Kwa nchi zinazoendelea makadirio hupanda hadi 15.6 wakati wa ujauzito na 19.8 baada ya kujifungua. Kliniki yetu huona wajawazito kati ya 30 na 40 kwa siku. Hesabu hiyo inatosha kunikosesha raha.

Kisa hiki kilitokea kwenye kituo cha afya katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Mama nitamwita Subira na mumewe Faraji. Si majina yao. Nimebadilisha pia mambo madogo yasiyogusa somo. Wote wawili waliridhia kisa chao kitumike kufundishia.

Usuli

Subira alikuwa na miaka 23, fundi cherehani, mimba ya kwanza. Faraji, miaka 27, aliendesha bodaboda kwa mkataba: kila siku anapeleka hesabu ya shilingi 10,000 kwa tajiri, na baada ya miezi kadhaa pikipiki inakuwa yake. Walipanga chumba na sebule kwenye nyumba yenye wapangaji watano. Mama yake Subira yuko mkoa wa mbali anauguza mzee. Mama yake Faraji yuko kijijini, safari ya basi ya kutwa nzima.

Hudhurio la kwanza lilikuwa wiki ya 18, peke yake. La pili, wiki ya 25, alilalamika kuchoka na mapigo ya moyo. Wingi wa damu ulikuwa 10.4, malaria hakuna, presha nzuri. Nilimpa vidonge vya kuongeza damu, nikamweleza kuhusu mboga za majani na dagaa, nikamwita anayefuata. Naliandika hili mapema kwa sababu ni kosa langu la kwanza katika kisa hiki: nilipata jibu la maabara lililonitosheleza, nikaacha kuuliza.

Wiki ya 29

Alirudi akiwa hajaongezeka hata nusu kilo. Damu ilikuwa imepanda kidogo, lakini yeye alikuwa amepungua usoni. Nilimuuliza analala saa ngapi. Akaanza kulia.

Nilimhamishia chumba cha sindano, nikafunga mlango. Kabla ya jambo lingine lolote nilimuuliza, akiwa peke yake, kama kuna mtu anayempiga, anayemtisha, au anayemlazimisha tendo la ndoa. Swali hili halirukwi. Kumwita mume kwenye mazungumzo bila kulijua jibu lake kunaweza kumrudisha mwanamke nyumbani kwenye kipigo. Angesema ndiyo, njia ingekuwa nyingine kabisa: ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia la polisi kama angetaka, na vikao vya pamoja visingefanyika. Alisema hapana. Nilimuuliza tena kwa maneno mengine, akasema hapana tena. "Hanipigi, Sista. Hanisemeshi."

Habari ilitoka vipande vipande. Injini ya pikipiki ilikufa miezi miwili nyuma. Faraji alichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa na rejesho la kila siku, wa shilingi 300,000, rejesho 13,000 kila siku kwa siku 30, jumla 390,000. Dhamana aliyoweka ni cherehani ya mkewe, na hakumwambia. Subira alijua siku wakopeshaji walipopiga hodi kuiangalia. Hakumuuliza mumewe, alinuna. Faraji naye, akidhani amenuniwa kwa sababu ya umaskini wake, akaanza kurudi saa nne usiku. Juu ya hapo mama mkwe alikuwa akipiga simu kila siku akitaka akajifungulie kijijini, na majirani walishamweleza Subira kwamba mwanamume asiyesemeshwa wakati wa mimba hupata wa kumsemesha.

Nilitumia kipimo cha Edinburgh, kilichotungwa Uingereza mwaka 1987 kwa ajili ya wanawake waliojifungua na kinachotumika pia kwa wajawazito. Kina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3. Hakimwambii mtu kwamba ana ugonjwa. Kinamwonyesha mhudumu nani asimwachie aondoke haraka. Wahudumu wengi hushtuka jumla ikifika 10 au 13. Subira alipata 15. Swali la 10, linalouliza wazo la kujidhuru, lilikuwa sifuri.

Nilikuwa na njia mbili. Kumpa rufaa ya ushauri wa afya ya akili hospitali ya wilaya, au kuanza na wawili hao hapa hapa huku nikimfuatilia kila wiki mbili. Nilichagua ya pili, kwa sababu swali la 10 lilikuwa safi, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingekuwa wazo jingine juu ya mawazo, na kwa sababu kila kitu alichonieleza kilikuwa kati ya watu wawili wasiosemezana.

Mwaliko

Nilituma barua yenye mhuri. Faraji hakuja. Baadaye alinieleza kwamba barua yenye mhuri kijiweni maana yake ni kesi, na wenzake walimshauri asikanyage.

Mara ya pili nilimwomba Subira amwambie jambo moja tu: siku fulani, saa saba mchana, atasikia moyo wa mtoto. Saa saba ni muda ambao bodaboda hukaa kijiweni bila abiria. Asubuhi na jioni ndizo saa za pesa. Alikuja, kofia ngumu mkononi, akakaa ukingoni mwa benchi. Tulipoweka kifaa tumboni na mapigo 142 kwa dakika yakasikika chumba kizima, alisimama. "Ndivyo unavyokwenda mbio siku zote?" Nikamwambia ndiyo, wa mtoto huenda 110 hadi 160. Wa mama yake ndio haukutakiwa kwenda mbio.

Vikao vinne

Mwari wetu hufundwa. Somo au kungwi humweka ndani, siku hizi kicheni pati hufanya sehemu ya kazi hiyo, na mengi anayofundishwa ni mazuri. Lakini mafunzo hayo humwelekea mwanamke peke yake na huishia harusini. Hakuna anayewakalisha mume na mke pamoja mimba ikiwa na miezi saba akawauliza: mtoto akilia saa nane usiku, nani anaamka? Nilichofanya ni kuwakalisha. Vikao vilikuwa wiki ya 31, 33, 35 na 37, kila kimoja kama dakika 45.

*Cha kwanza.* Kanuni ilikuwa moja. Mmoja anasema dakika tatu bila kukatizwa. Mwingine hajibu, anarudia alichosikia mpaka mwenzake aseme "ndiyo, ndicho nilichosema". Kisha wanabadilishana. Subira alianza: "Naogopa kujifungua halafu nisiwe na kazi ya kurudia." Faraji akarudia: "Umesema unaogopa kukaa nyumbani." Akasema siyo. Akarudia tena, akakosea tena. Mara ya tatu Subira alisema, "Cherehani. Nimesema cherehani." Faraji akainama kwa muda mrefu, kisha akaeleza mkopo wote, mwanzo hadi mwisho, akidhani anafichua siri. Mkewe akamwambia anajua tangu wiki tatu zilizopita. Nilikaa kimya, na nadhani ndilo jambo bora nililofanya siku ile.

*Cha pili* kilikuwa cha pesa. Tuliandika siku moja ya Faraji kwenye karatasi: anaingiza wastani wa 32,000, mafuta 8,000, hesabu 10,000, rejesho 13,000. Inabaki 1,000. Kumbe ile 1,000 ndiyo iliyokuwa ikiachwa mezani asubuhi, na Subira alikuwa akiisoma kama dharau. Deni lililosalia lilikuwa 234,000.

Subira alikuwa kwenye mchezo wa wanawake 10, kila mmoja 20,000 kwa wiki. Alipendekeza aombe kubadilishana zamu apokee mapema na alipe 200,000. Sikuridhika moja kwa moja. Fedha ya mwanamke kuzima deni ambalo hakushirikishwa ni jambo la kuangaliwa, maana linaweza kuwa mazoea. Niliuliza waziwazi: "Na ya kwake itarudije?" Faraji akasema itarudi kwenye kibubu, ya uzazi kwanza. Wakaandika, na karatasi ikabaki kwa Subira. Faraji mwenyewe alikwenda kwa tajiri akaomba hesabu ishuke hadi 7,000 kwa mwezi mmoja. Alikubaliwa.

*Cha tatu* kilitakiwa kugusa mambo mawili: nani atakaa na mzazi siku arobaini, na tendo la ndoa baada ya kujifungua. La kwanza lilikula muda wote. Walikubaliana Subira ajifungulie kwetu na mama mkwe aje mjini. Walipanga zamu za usiku: hadi saa saba Faraji anamtoa mtoto kitandani, anambadilisha nepi, anamleta kunyonya, anambeulisha. Kuanzia saa saba yeye analala, kwa sababu dereva wa pikipiki asiyelala ni hatari kwake na kwa abiria.

La pili nilibakiza dakika tano. Hapa pwani ipo imani ya kubemenda: kwamba wazazi wakikutana mtoto akiwa bado ananyonya, au baba akitoka nje ya ndoa kisha akamshika mtoto, mtoto atadhoofu na kuchelewa kutembea. Niliwaambia manii hayaingii kwenye maziwa. Kwamba mtoto hudhoofishwa na lishe duni, kuharisha, homa zinazojirudia, na mimba nyingine ya haraka inayomfanya aachishwe ziwa mapema. Niliwaambia wasubiri walau wiki sita na mama awe tayari mwenyewe, na kwamba inashauriwa kupita miezi 24 kabla ya kushika mimba tena, kwa hiyo uzazi wa mpango uzungumzwe. Waliitikia kwa vichwa. Nikadhani wamenielewa.

*Cha nne* kilihusu dalili za hatari: kutokwa damu nyingi, homa, kichwa kuuma sana, kuona giza. Nikaongeza za moyoni: huzuni isiyoisha baada ya wiki mbili, kutomhisi mtoto kama wako, wazo la kutaka kulala usiamke. Siku hiyo kipimo kilikuwa 9.

Kujifungua, na siku ya saba

Alijifungua kwa njia ya kawaida wiki ya 39, mtoto wa kike, kilo 2.9. Faraji alisubiri nje kama wanaume wengine, maana vitanda vya wodi yetu vimetenganishwa kwa pazia tu. Kibubu kilikuwa na 112,000. Vifaa vyote vilinunuliwa.

Mama mkwe aliwasili siku ya pili. Alimkanda mzazi kwa maji ya moto, akapika uji wa pilipili manga, akafua. Lakini pia alisikia mtoto akilia, akasema maziwa hayatoshi, akataka kumpa maji yenye sukari. Subira alikataa, kwa kuwa amefundishwa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Bibi akakasirika: "Mimi nimelea saba." Faraji alipoamka usiku kumshika mtoto, bibi alimtoa mikononi: mwanamume anayezunguka barabarani usiku asishikeshike mtoto, atambemenda. Usiku wa tatu Faraji alihamia sebuleni. Zamu zilikufa, mazungumzo yakafa nazo.

Siku ya saba Subira alikuja kwenye hudhurio baada ya kujifungua. Alama 14, na swali la 10 alijibu: "mara chache sana".

Huzuni ya siku za mwanzo ni ya kawaida na nyingi huisha ndani ya wiki mbili zenyewe. Ningeweza kusema tusubiri. Lakini swali la 10 likipata jibu lolote lisilo "kamwe", halisubiri, hata jumla ya alama ikiwa ndogo. Nilimuuliza moja kwa moja kama ana mpango, kama ana njia, kama amewahi kumfikiria mtoto pamoja na wazo hilo. Hakuwa na mpango wala njia. Alisema tu kwamba usiku alitamani kulala asiamke. Nilimpigia simu Faraji, akaacha abiria, akaja. Mchana huo huo walikwenda hospitali ya wilaya wakisindikizwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na Subira hakuachwa peke yake usiku. Mtaalamu wa afya ya akili aliamua wakati huo aanze na ushauri wa kila wiki bila dawa, na miadi ya karibu.

Siku ya tisa nilikwenda nyumbani kwao. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu." Nilimshukuru kwa kazi ya mikono yake, na nilimaanisha, mzazi aliyekandwa na kulishwa na mtu mzima ana bahati. Kisha nilimwomba anieleze alivyolea wale saba. Alieleza kwa saa nzima. Wawili walikufa wachanga, wakiharisha. Alipofika hapo, mwenyewe aliuliza kama ni maji. Nikamwambia sijui kwa wale, ila kwa huyu maji hayahitajiki. Kuhusu kubemenda hakukubaliana nami. Alikubali jambo moja: baba akirudi aoge, abadili nguo, ndipo amshike mwanawe. Kwangu hilo lilikuwa zaidi ya nililotumaini.

Matokeo

Wiki ya sita alama zilikuwa 10, swali la 10 sifuri. Mwezi wa nne zilikuwa 6. Mtoto alinyonya maziwa pekee. Cherehani haikuondoka. Faraji alirudisha kwenye kibubu 90,000 kati ya zile 200,000, kisha akasimama. Hilo bado wanalizungumza, na wanalizungumza kwa sauti.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Kisa kimoja hakithibitishi sababu. Subira alipata mazungumzo, ushauri wa hospitali, mikono ya bibi na siku kupita, na siwezi kugawa sifa. Lakini ninaweza kusema nini kilibadilika kabla ya nini. Alama zilishuka kutoka 15 hadi 9 kabla ya kumwona mtaalamu yeyote, wakati deni lilikuwa bado halijaisha lote na mtoto bado hajazaliwa. Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba watu wawili walijua jambo lile lile na kila mmoja alijua kwamba mwenzake analijua.

Hili si geni kwa majirani zetu. Rwanda, mpango wa Bandebereho uliwaita wanaume wenye wajawazito au watoto wadogo kwenye vikao 15, wake zao wakihudhuria baadhi. Jaribio lake lilihusisha wenza 1,199 katika wilaya nne, na miezi 21 baadaye wanawake wa kundi lililofundishwa waliripoti ukatili mdogo zaidi wa waume zao, na wanaume walisindikiza kliniki zaidi na kufanya kazi nyingi zaidi za nyumbani. Sisi tulikuwa na vikao vinne na benchi moja. Hata hivyo chembe ni ile ile: mume anafundishwa kazi, kwa vitendo, kabla ya mtoto kufika.

Makosa yetu yanafundisha zaidi. Tulichelewa, wiki ya 31 ni karibu mno na uchungu. Nilimtaja mama mkwe katika kila kikao na sikumwita hata kwa simu, nikampangia kazi katika nyumba ambayo kwa desturi yeye ndiye angeiongoza kwa siku arobaini. Hilo nalihesabu kuwa ndilo lililotufikisha siku ya saba. Na zile dakika tano za kubemenda zilikuwa aibu ya mkunga mwenyewe: pesa ilikuwa rahisi kuizungumza, kitanda hakikuwa.

Mafunzo ya mahusiano pia yana mpaka wake. Hayalipi rejesho. Hayampi dereva wa bodaboda likizo. Ile ya siku 3 ya baba iliyo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni ya mwajiriwa, na Faraji hana mwajiri. Na hayatibu sonona. Kama kipimo cha siku ya saba kisingefanywa kwa kuwa "hawa tayari tumeshawafundisha", sijui leo ningekuwa naandika nini.

Jambo la mwisho la kuangalia ni namna ya kuwaita wanaume. Vipo vituo vinavyomhudumia kwanza aliyekuja na mwenzi. Nia ni njema, ila mwanamke aliyeachwa hurudishwa akatafute barua ya mwenyekiti wa mtaa, au humlipa dereva wa pikipiki ajifanye mume. Anayehitaji msaada zaidi ndiye anayesukumwa nyuma ya foleni.

Tulichobadilisha

Barua za mhuri tumeacha. Mwaliko unatolewa hudhurio la kwanza, kwa mdomo, na vikao ni saa saba mchana. Kipimo cha maswali 10 hufanywa mara mbili kabla ya kujifungua na tena siku ya 7 na ya 42. Swali la ukatili huulizwa faragha kabla ya mwaliko wowote.

Na pembeni mwa kadi tunaandika kwa kalamu jibu la swali jipya: "Nani atakaa nawe uzazini?" Huyo ndiye anayeitwa kwenye kikao cha tatu, awe mume, mama mkwe, au mwingine. Wiki iliyopita binti mmoja alifikiri sana, kisha akamtaja dada anayesuka naye saluni. Tumemwandika, na Jumanne anakuja.